Alizeti za Kivulini

Mzee Ambilikile alikuwa amelima kahawa Mbozi miaka thelathini na miwili, na kwa maoni yake mwenyewe hapakuwa na mmea asioujua. Ndiyo maana binti yake Rozi alipochumbiwa, alisimama mbele ya kamati ya harusi akasema mafuta ya kupikia yasinunuliwe, yatatoka shambani kwake. Katibu akaandika. Mdomo wa mzee huyu, kama alivyokuja kukiri mwenyewe, ulizoea kuvuna kabla ya jembe kushika ardhi.

Alizeti alizipanda chini ya migrevilea, miti ya kivuli ya shamba lake. Kahawa hupenda kivuli, basi alizeti ni nani ikatae? Tena akazibananisha, hatua moja miche mitano. Zilipoota, mkewe Tusekile akamwambia, "Baba Rozi, ng'oa nyingine, zilizobaki zipate jua."

"Ning'oe mmea mzima, Mama Rozi? Hiyo ni dhambi."

Tusekile alichukua mbegu bakuli moja, akazipanda kandokando ya barabara palipo wazi, kila shina na nafasi yake. Mzee alimcheka wiki nzima, akawa anamwita bwana shamba.

Za mzee zilirefuka sana, nyembamba, zikitafuta jua, na vichwa vyake havikuzidi kisosi. Yeye aliwaonyesha wapita njia ule urefu.

Siku ya kukamua walikwenda Tunduma kwa Amri mwenye mashine. Amri alinyanyua gunia la mzee kwa mkono mmoja.

"Shikamoo mzee. Haya ni magunia au mito?"

Makapi matupu. Magunia sita hayakufikisha nusu dumu, na mafuta yenyewe yalichuruzika kwa shida, kama machozi ya mtoto anayejililiza. Magunia mawili ya Tusekile yakajaza dumu la lita ishirini, Amri akaomba jingine.

Njiani kurudi mzee aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Alitamani mkewe amseme, yaishe. Walipofika Vwawa ndipo Tusekile alipomgeukia.

"Kamati iambiwe mafuta yametoka shambani kwetu," alisema. "Si uongo."

Harusi ikafika, watu wakala wakashiba. Mshereheshaji akamsifu baba wa bibi harusi, mkulima hodari aliyewalisha wageni wote kwa mafuta yake, akampa kipaza sauti. Mzee alimtazama Tusekile, aliyekuwa amebeba sinia la maandazi kuelekea meza ya wakwe, huku jina lake halijatajwa na mtu. Akaikunja hotuba aliyoiandaa, akaitia mfukoni.

"Ndugu zangu," alisema, "mafuta mliyokula ni ya Mama Rozi. Alinifundisha kulima, nikamcheka. Mimi nimevuna mashudu. Mwenye ng'ombe asiondoke kabla hajaniona."

Ukumbi ukaangua kicheko. Tusekile aliweka sinia chini, akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika. Mzee hakujua kama anacheka au analia, na hakuthubutu kukisia, maana mwaka ule alikuwa amekisia vya kutosha.