Waelekeze kwa Shemeji

Swali lilikuwa lilelile kila siku, na liliulizwa hata kabla mgeni hajashusha begi begani: "Dada, huku mtu anakula wapi?"

Nyumba ya wageni ilikuwa na vyumba arobaini lakini haikuwa na jiko la maana. Asubuhi walitoa chai, mkate na mayai, basi. Mchana na jioni kila mtu alijitafutia, na barabara ya ufukweni ilikuwa na migahawa kumi na miwili iliyopangana kama meno. Kwa hiyo aliyekaa kaunta ya mapokezi ndiye aliyeshika matumbo ya wageni. Wote walimwita Dada Mapokezi. Hata mwenye nyumba alikuwa ameshasahau jina lake jingine.

Hakufika kaunta ile kwa kupenda. Mgahawa wa saba, ule wa paa la bati la buluu, ulikuwa wa mama yake. Yeye na mdogo wake walikulia humo, wakisugua masufuria kabla hawajajua kusoma. Mama alipougua, Dada ndiye aliyekwenda kumuuguza hospitali, miezi minane, akilala kwenye kigodoro pembeni ya kitanda. Huku nyuma mgahawa ukabaki mikononi mwa mdogo wake na mume wa mdogo wake, mwanamume mwenye maneno laini ambaye watu walimtania kwa jina la Mheshimiwa, kwa sababu hata akiomba chumvi ungedhani anaomba kura.

Mkataba wa kupanga kiwanja ulikuwa ukingoni. Mheshimiwa akaenda akauandikisha upya kwa jina lake mwenyewe, na mkewe akatia saini kama shahidi. Dada alikuja kujua siku ya tatu baada ya mazishi ya mama, aliporudi na funguo zake akakuta kufuli mpya imening'inia kwenye mlango ulio wazi. Ndani, shemeji yake alikuwa anakula.

"Shemeji, usichukulie vibaya," alisema, mwiba wa samaki ukiwa bado kati ya vidole vyake. "Biashara haingoji matanga. Ila sisi si watu wabaya. Ukitaka kazi, masufuria yako kule nyuma. Si unayajua?"

Dada alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anafuta meza iliyokwisha kufutwa, wala hakuinua uso.

Hakulia, hakutukana. Aliweka funguo zake za zamani juu ya meza akatoka. Lakini lile neno, masufuria, alilala nalo na kuamka nalo. Akiwa anapiga mswaki analisikia. Akiwa anamwandikisha mgeni, analisikia.

Mwanzoni kisasi chake kilikuwa cha kitoto. Mgeni akiuliza pa kula, alimtajia kila mahali isipokuwa pale. Mgeni akisema mwenyewe, "Na pale kwenye paa la buluu?" Dada alinyamaza kidogo, akashusha macho kwenye daftari lake, kisha akasema, "Pale? Mmh. Shauri yako." Kile kimya kilisema mengi kuliko matusi. Msimu mzima alipiga vita hivyo, asipate kitu. Paa la buluu lilikuwa jirani na ngazi za kushukia ufukweni, na watu wenye njaa na miguu yenye mchanga waliingia wenyewe bila kuelekezwa na mtu.

Mchana mmoja mke na mume waliokuwa wamelala chumba cha kumi na tisa walirudi wamenuna.

"Ulituambia tukale kule karibu na mnara," mke alisema. "Ukasema hatujawahi kuonja kitu kama kile."

"Kwani chakula kilikuwa kibaya?"

Yule mke akafikiri. "Kibaya, hapana. Lakini kwa jinsi ulivyokisifia, jamani!"

Dada aliwaomba radhi. Walipopanda ngazi alibaki ametulia, kalamu ameiuma kwa meno. Mama yake alipenda kusema kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hiyo alikuwa akiisema mwaka hadi mwaka, na Dada alidhani ni onyo la kutojisifu. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumsifu mgema makusudi.

Kesho yake asubuhi alianza. "Nenda paa la buluu," alimwambia mgeni wa kwanza. "Usikubali wakupe kitu kingine. Waambie unataka samaki mzima wa makaa. Utanikumbuka."

Wala hakusema uongo. Samaki yule alikuwa kazi ya mama yake, na mpishi aliyefundishwa na mama, mwanamke mnene aliyeitwa Bibi Moto, alikuwa bado yuko pale. Lakini jiko la makaa lilikuwa moja, lilichukua samaki wanane, na samaki mmoja alitaka dakika arobaini. Bibi Moto hakuwa mtu wa kuharakishwa. Mama hakuwahi kupokea zaidi ya watu thelathini kwa mkupuo. "Thelathini ni wageni," alikuwa akisema. "Wa thelathini na moja ni fujo."

Wageni wakamiminika. Mheshimiwa akavimba kichwa. Aliongeza meza hadi mchangani, akang'oa kibao cha mama chenye vyakula vitano akatundika kingine chenye vyakula arobaini na kimoja, picha kwa picha. Wateja walipolalamika kwamba wanachelewa, alimwamuru Bibi Moto awachemshe samaki tangu asubuhi, kisha awababue tu wateja wakifika.

Bibi Moto alifungua aproni yake. "Mimi nachoma samaki," alisema. "Kuwaogesha sijui." Akaenda zake mgahawa wa kumi na mbili, ule wa mwisho wa barabara, wakampokea kwa mikono miwili.

Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kumsimulia Dada, amejiegemeza kaunta, anahema.

"Na mdogo wangu?" Dada aliuliza.

"Yuko jikoni peke yake, mwanangu. Mikono imejaa malengelenge. Na yule bwana anapita mezani anawaambia watu kwamba yeye ndiye mwenye siri ya viungo."

 Angeweza kuishia hapo, na alijua kwamba angeweza. Badala yake alifungua daftari la wageni, akaenda kwenye ukurasa wa Jumamosi ya mapumziko marefu. Kulikuwa na walimu wa shule moja, wafanyakazi wa benki, na ukoo mzima uliokuja kwa ajili ya harusi. Alijumlisha kwa kidole. Watu mia na kumi.

Akampigia simu shemeji yake. Hawakuwa wamesemeshana tangu siku ile ya kufuli.

"Shemeji, hali yako? Nina watu mia na kumi, Jumamosi saa saba mchana. Wote wanataka samaki mzima wa makaa. Utawaweza, au niwapeleke kwingine?"

"Kwingine wapi tena!" Mheshimiwa aliruka. "Damu nzito kuliko maji, shemeji! Walete! Nilimwambia mdogo wako, hasira za dada zitapoa tu."

"Zimepoa," Dada alisema.

Kisha akampigia Bibi Moto, wakazungumza kwa muda mrefu.

Jumamosi aliomba ruhusa ya saa mbili, akavaa gauni lake la kutokea, akaketi meza ndogo pembeni, chini ya paa la mama yake. Saa saba kamili viti vyote vilijaa. Saa saba na nusu mkate ukaisha. Saa nane soda za baridi zikaisha, wakaanza kuleta za moto. Watoto wa ukoo wa harusi walilala vifudifudi mezani. Mwalimu mmoja alikuwa anagonga sahani kwa uma, taratibu, kama anayeita darasa. Moshi mzito ulitoka jikoni, na kwa harufu yake tu Dada alijua makaa yamemwagiwa mafuta ili yashike haraka. Mama yake angempiga mtu kwa hilo.

Saa nane na nusu sahani za kwanza zikatoka. Samaki walikuwa weusi kama soli za viatu. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa na nyanya yake, kizee kimoja chenye miwani, na kizee kikampasua samaki wake kwa uma. Nyama ya karibu na mfupa ilikuwa mbichi, bado ina damu.

"Jamani!" kizee kilipaza sauti. "Huyu wangu bado anaogelea!"

Walicheka, kisha hawakucheka tena. Kila mtu alimpasua wake. Simu zikatoka mifukoni, picha zikapigwa.

Mdogo wake alitokeza mlangoni mwa jiko, kilemba kimemlegea, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Alipomwona Dada, uso ulimfunguka.

"Dada! Umekuja! Njoo jikoni, nakuomba. Nishikie makaa tu."

"Nimekuja kula."

"Dada..."

"Samaki mzima wa makaa. Na usinicheleweshe, saa tisa narudi kazini."

Mdogo wake aliwatazama wale watu, meza moja baada ya nyingine, mpaka kule mchangani. Kisha akamtazama tena Dada usoni, na akaelewa. 

Mheshimiwa alifika mbio, shati limemganda mgongoni, huku nyuma yake watu wa benki wamesimama wakimtaka ajieleze. Alimshika mkewe bega akamgeuza mbele ya watu wote.

"Mpishi ni huyu!" alisema kwa sauti ya mkutanoni. "Mniwie radhi, wageni wangu. Huyu ndiye anayewaaibisha. Kupika hajui, na wa kumlaumu ni mama yake, ndiye aliyemlea hivi!"

Mdogo wake alifungua aproni polepole, kwa sababu ya ule mkono, akamtundikia mumewe begani.

"Kapike wewe," alisema. Akashuka ngazi za ufukweni na ndala zake za jikoni.

Dada alisimama. Watu husema kisasi hakina ladha. Kilikuwa na ladha, na aliionja yote, mpaka pale mama yake alipotajwa. Hapo ikamkaa kooni kama mwiba. 

"Jamani, mgahawa wa mwisho wa barabara wanawangoja. Tangu alfajiri wanapika. Nifuateni."

Watu mia na kumi waliinuka wakamfuata kama msafara wa harusi. Mheshimiwa alibaki katikati ya meza na aproni begani, anatabasamu, kwa sababu uso wake haukujua kufanya kitu kingine.

Zile picha zilimaliza kilichobaki. Kabla ya mvua, paa la buluu liliteremshwa bati kwa bati, na mwenye kiwanja akakipangisha kwa muuza nguo za kuogelea. Hilo Dada hakulifikiria. Alimfikiria shemeji yake tu, jinsi atakavyoanguka, hakufikiria ataanguka na nini. Siku hizi akipita pale huona bata wa plastiki waliojazwa upepo, wamerundikwa palipokuwa jiko la mama, naye hukaza mwendo.

Mdogo wake alikuja na begi moja. Mwenye nyumba akampa kazi ya kufua. Kwa wiki mbili dada na mdogo waliongea habari za sabuni tu. Siku moja walikuwa uani wanakunja shuka.

"Ni wewe uliyewaleta," mdogo wake alisema.

"Ni mimi."

"Jikoni nilikuwa mimi, dada. Hakuwa yeye."

"Najua. Na shahidi kwenye mkataba ulikuwa wewe. Hakuwa mwingine."

Upepo ulilijaza shuka kati yao. Mdogo wake alilia bila sauti, pembe za shuka hakuziachia.

"Basi tumemalizana?"

"Bado," Dada alisema. "Vuta huko, tukunje."

Mheshimiwa alikuja wakati wa mvua. Alikuwa na kibanda cha chipsi stendi, alisema, na wageni hawakijui. Aliegemea kaunta kwa upole, kofia mkononi. Habari za mkewe hakuziuliza.

"Wewe wanakusikiliza, shemeji. Wawili watatu tu kwa siku."

Mgeni mmoja aliyelowa aliingia akaweka begi chini. "Dada, huku mtu anakula wapi?"

Dada alimgeukia shemeji yake, uso mkunjufu, ule wa kupokelea watu. "Nikusifie?"

Mheshimiwa alijiinua kutoka kaunta. Maji ya mvua yalimtiririka shingoni.

"Hapana, shemeji," alisema. "Tafadhali. Usinisifie."

Akavaa kofia yake akatoka kwenye mvua. Dada alifungua daftari, akamkabidhi mgeni ufunguo wa chumba cha thelathini na moja, akamwambia aende mwisho wa barabara, amuulizie Bibi Moto.