Doa Kwenye Pindo

Mimi nashona magauni ya harusi, na mtu mwenye ufunguo shingoni hanitishi. Zamani alinitisha.

Bosi wetu tunamwita Mama Madoa, akiwa hayupo bila shaka, kwa sababu doa ndilo adui yake mkubwa hapa duniani. Siku ya kushona pindo, vyakula vyetu vyote hufungiwa kwenye kabati la mlangoni, na ufunguo huuvaa yeye mwenyewe kwa kamba. Hakuna kula wala kunywa chumbani mpaka gauni litundikwe. Tena pindo la bibi harusi, kwenye duka letu, hushonwa kwa mkono wa mtu mmoja: aliyelianza ndiye analimaliza, bila kuinuka kitini. Nilizifuata sheria hizo miaka yote bila kinyongo, mpaka nilipopimwa na kukutwa na kisukari.

Daktari aliniandikia vidonge vya kumeza. Ni mama mwenye maneno makavu, nami nampenda kwa hilo.

"Dawa hii inashusha sukari, ule usile," aliniambia. "Kwa hiyo kidonge umeze na chakula cha asubuhi, na mchana ule kwa wakati. Ukiruka mlo, sukari itashuka mpaka ikuangushe. Ukisahau kidonge, usije ukameza viwili kulipiza. Usiache wala usipunguze bila kuniuliza. Tembea na sukari mfukoni, na unaofanya nao kazi wajue."

Nikaenda kumwambia Mama Madoa. Alinisikiliza huku akikagua kola.

"Basi siku za pindo usimeze," akasema. "Siku moja moja haina neno."

"Dawa yangu anapanga daktari, mama. Wewe panga magauni."

Akarudi kwenye kola yake, na mimi nikadhani tumeelewana. Kumbe wapi.

Siku yenyewe ilikuwa ya gauni la satini, jeupe pe, lenye mkia wa kufagia ukumbi mzima, na mwenyewe alikuwa anakuja kulichukua jioni. Asubuhi nilikula mkate na yai, nikameza kidonge changu. Mchana ulipofika nikaomba ufunguo.

"Pindo limebaki kidogo tu. Maliza," akasema Mama Madoa.

"Saa ya kula imefika, mama."

"Ukiinuka hapo, hicho kiti utakikuta kina mtu."

Kiti hicho ndicho kinachowalisha wanangu, na yeye analijua hilo vizuri. Nikainama nikashona. Nilishona kwa hasira, maana hata punda hapewi mzigo kabla ya kupewa majani. Jasho likaanza kunitoka, na chumba hakikuwa na joto. Mikono ikatetemeka. Sindano moja nikaiona mbili, nikaishika ile isiyokuwepo, na ile iliyokuwepo ikanichoma kidole. Tone la damu likadondoka juu ya satini.

Mkasi, mkataji wetu anayekaa ng'ambo ya meza, aliacha kukata. Mama Madoa akashika kichwa kwa mikono miwili.

Mimi hata sikulitazama lile doa. Nilitoa kifuko cha sukari kwenye mfuko wa aproni, nikaimimina mdomoni mbele ya satini yake na mbele ya macho yake.

"Una ugonjwa wa sukari, halafu unakula sukari?" akaniuliza.

"Imeshuka, mama. Ikishuka hivi inaua upesi kuliko ikipanda."

Sasa, kuna jambo moja sisi mafundi tunaliamini: damu ya fundi huondolewa kwa mate ya fundi mwenyewe. Unatafuna kipande cha uzi mweupe mpaka kilowe, unakigusisha kwenye doa likiwa bado bichi. Mate ya mtu mwingine hayafui dafu. Na aliyenifundisha hayo ni Mama Madoa huyo huyo.

Akanikatia uzi haraka, akaniwekea kiganjani. "Tafuna."

"Kinywa kimekauka. Sijala. Nipe ufunguo."

"Doa litakauka."

"Na mimi nitakauka. Tuone nani atatangulia."

Alinikazia macho, nami nikamkazia yangu, ingawa bado yalikuwa yanaona ukungu. Mkasi, ambaye huongea kama mtu anayelipia kila neno, akakohoa.

"Mpe, mama," akasema. "Doa tutalifunika kwa ua la lesi. Maiti tutaifunika kwa nini?"

Kamba ikatoka shingoni. Mkasi akaenda nao kabatini, akaniletea bakuli langu la wali na maharage, na ufunguo akauacha mbele yangu. Nilisogeza satini, nikaifunika kwa shuka safi, nikala palepale mezani. Sikuharakisha. Mama Madoa alisimama pembeni na ule uzi mkononi, anameza mate yasiyokuwa na kazi. Nilifurahi, sitaficha.

Mikono ilipotulia, nikaenda kunawa na kusukutua. Doa lilikuwa bado halijakauka. Nikatafuna uzi, nikaligusa, nikageuza upande, nikagusa tena. Wekundu ukafifia, halafu ukaondoka kabisa. Mkasi akaliinua gauni dirishani, akaligeuza kwenye mwanga, hakuona kitu. Nikarudi kitini na kulimaliza pindo.

Mama Madoa akanyoosha mkono kudai ufunguo. Nikautia kwenye mfuko wa aproni, pale ilipokuwa sukari.

Jioni bibi harusi alilivaa gauni lake. Akajigeuzageuza mbele ya kioo, akainama kulitazama pindo pande zote.

"Limenyooka hasa," akasema. "Aliyelishona ana mkono mtulivu."

Mama Madoa akafungua mdomo, nikamuwahi.

"Ni kwa sababu nilikula," nikamwambia.