Mchungaji wa Buluo
Mahubiri ya kondoo aliyepotea nilikuwa nayo mdomoni. Kanisani kwetu Likasi yaliwaliza akina mama mpaka leso zikalowa. Kwa hiyo Pasta Adolphe aliponiomba nikahubiri katika gereza la Buluo, sikubadilisha hata neno. Kiburi changu hicho! Tena nilikuwa na langu moyoni: mdogo wangu Arsène amefungwa humo, na tangu aingie anakataa kuonana nasi kwa aibu. Nilitaka maneno yangu yamtoe alikojificha.

Uwanja ulijaa wanaume, Arsène sikumwona. Nikaanza kwa sauti kubwa: jioni mchungaji anahesabu kondoo wake, mmoja hayupo, basi anatoka kumsaka porini.

"Maman, uyu mucungaji njo gardien!" mmoja akapaza sauti, akimnyooshea kidole mlinzi wa gereza.

"Kondoo asirudi! Akimbie!" wenzake wakadakia.

Uwanja mzima ukaangua kicheko, walinzi nao wakacheka. Pasta Adolphe akabaki kutazama viatu vyake.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Lakini walikuwa na haki: mahali hapa, anayehesabu watu jioni na kumfuata aliyekosekana hapendwi na yeyote. Machozi yalinilenga, maana nilihisi Arsène ananiponyoka. Ndipo macho yangu yakaangukia sufuria niliyomletea, imefungwa kitambaa, iko karibu na mlango.

"Bon, tuache kondoo," nikasema. "Kuko maman moya. Siku ya visite anakuya na sufuria ku kichwa. Mutoto wake anakatala kutoka, anasikia haya. Maman harudi ku nyumba. Ile chakula hapatie muntu mwingine. Anaikala, anaangalia mulango. Mungu iko vile."

Kicheko kilikatika. Kila mmoja wao alikuwa na sufuria ya kwao aliyoikumbuka.

Sauti ikatoka nyuma kabisa: "Na ule maman, alimupikia nini?"

Sauti hiyo naijua, mwenyewe nilimbeba mgongoni.

"Samaki thomson na majani ya sombe," nikajibu, "na bukari ya mahindi na mihogo, vile weye unapenda. Inapola, Arsène. Kuya!"

Wakampisha. Alikuja amekonda, analia na kucheka, akiniita mimi dada yake mkubwa, "Yaya Fidélie, yaya Fidélie." Furaha ilinizidi, nikapiga kigelegele mle mle gerezani, na wanaume wazima wakakipokea.

Sala ya kufunga niliisahau. Pasta Adolphe aliisali mwenyewe, na Arsène akaitikia amina mdomo umejaa bukari.