Sifuri ya Oliva

Mwalimu Natalia alikuwa na tabia moja: ukimpa kitu kizuri, hatulii mpaka akiongezee cha kwake. Shule yao ya Hirbadaw ilipopata vishikwambi kumi vyenye programu ya mazoezi ya hesabu, wenzake walishukuru wakatumia maswali yaliyokuja nayo. Yeye akayaona hayana ladha. Treni na maghorofa! Mtoto wa Hanang ataanzia wapi kujumlisha maghorofa? Programu ilimruhusu mwalimu kutunga maswali yake, basi akakaa Jumamosi nzima akatunga kumi, yote ya ng'ombe, maana nusu ya darasa lake la nne walikuwa watoto wa wafugaji. Alijipongeza sana. Yeye mwenyewe alizaliwa juu kule Mbulu, kwenye mashamba ya ngano na maharage, nyumbani kwao wana ng'ombe wanne, na aliamini ng'ombe ni ng'ombe tu.

Swali la kwanza lilisema: andika idadi ya ng'ombe wa nyumbani kwenu. La pili: wakizaliwa ndama kumi na wawili, watakuwa wangapi? Na kuendelea hivyo, kila swali likishika mkia wa lililotangulia. Programu ikasahihisha yenyewe na kupanga majina kutoka juu mpaka chini. Chini kabisa alikuwa Oliva Gidamis, na sifuri yake.

Natalia alishangaa, lakini hakushangaa vya kutosha, na hapo tusimtetee. Oliva alikuwa mtoto wa kutoa jibu kichwani wakati wenzake bado wanatafuta penseli. Mwalimu akajiambia labda ameogopa mashine, akapeleka matokeo kwa mwalimu mkuu. Huyo mkuu, Basili, alipenda orodha kuliko chai. Siku hiyohiyo akawaandikia barua wazazi wa wote waliopata chini ya tatu: mtoto wako hajamudu hesabu, atarudia darasa.

Alhamisi asubuhi mzee Gidamis, baba yake Oliva, alisimama mlangoni mwa ofisi walimokuwa Natalia na Basili, shuka begani na fimbo mkononi. Hakuja na hasira. Afadhali angekuja nayo.

"Shikamoo mzee," alisema Natalia.

"Marahaba. Mwalimu, nimekuja kukuaga. Wewe ulikuja kwangu mara tatu kuniomba huyu mtoto, nikakupa. Nilikuambia akiweza asome, asipoweza anirudie. Sasa barua inasema hawezi. Hapa majani yamekwisha, Jumatatu nahamisha ng'ombe kwenda Yaeda Chini. Atakwenda na mimi."

Natalia alijua mtoto akishafuata ng'ombe mpaka huko bondeni, kumrudisha ni kazi ya miaka, na miaka yenyewe haingoji mtu.

"Mzee, nakuomba unisubiri kidogo. Nimwite mwenyewe."

Oliva aliingia, akamwamkia kila mmoja, akasimama akitazama miguu yake.

"Oliva," Natalia alisema, "hesabu unazijua. Kwa nini hukujibu hata swali moja?"

Oliva alizidi kuinamisha kichwa.

"Mjibu mwalimu," baba yake alisema.

"Mashine ilikuwa inauliza ng'ombe zetu ni ngapi."

Mzee Gidamis aligeuka polepole. "Mashine inataka kujua ng'ombe zangu? Ili izifanye nini?"

Natalia angeweza kusingizia mashine, na kwa kweli wazo hilo lilimpitia. "Si mashine, mzee. Swali niliandika mimi."

"Wewe." Mzee aliegemeza fimbo yake ukutani. "Mwalimu, ng'ombe hazihesabiwi. Unazijua. Jioni zikiingia unaona ile nyeusi ya pembe moja haiko, unarudi kuitafuta. Lakini kutaja ni ngapi, tena mbele za watu, ni kuziitia kifo. Hata mtoto mdogo kwetu anajua."

Natalia alitamani ardhi ipasuke. Miaka mitano Hirbadaw, na siku zote alikuwa ameona wafugaji hawataji idadi ya mifugo yao. Yeye alidhani wanakwepa ushuru! Kuuliza si ujinga, lakini yeye alikuwa hajauliza.

"Mbona watoto wengine wa wafugaji wamejibu?" Basili aliuliza kutoka mezani kwake.

"Waliandika namba ya uongo," Oliva alisema. "Mimi nikaogopa. Hata uongo si ni kuzihesabu tu? Nikabonyeza niende swali la pili, ikakataa. Ikasema jibu kwanza. Basi nikakaa."

Alikuwa amekaa dakika arobaini. Natalia alikumbuka sasa, alimwona ameinamia kioo, akadhani anafikiri.

"Na nyumbani," baba yake aliuliza, sauti imeshuka, "barua ilipofika, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemchukia mwalimu."

Mzee Gidamis alivuta benchi akaketi. Natalia akachukua kishikwambi na palepale akaanza kufuta ng'ombe mmoja baada ya mwingine, kila walipokuwa akaweka magunia ya mahindi ya duka la shule, ambalo halikuwahi kuwepo, na idadi akaibuni mwenyewe.

"Mwalimu Natalia," Basili alikohoa, "mfumo ukishatoa matokeo..."

"Mfumo umesahihisha nilichoupa mimi, mkuu. Na nilichoupa kilikuwa kibaya. Huyu anafanya upya, na wenzake nao watafanya upya."

Basili alimwona mzee anamtazama, akarudia orodha yake.

Oliva alifanya bila karatasi, midomo ikichezacheza. Dakika kumi hazikuisha. Alama za kijani zikajipanga kwenye kioo, moja, mbili, mpaka tisa. Ya kumi ilikuwa nyekundu.

Natalia alisoma lile swali la mwisho, akajipiga paji la uso. Ng'ombe alikuwa amewaondoa wote, lakini sentensi nyingine aliiacha kama ilivyokuwa: andika mko watoto wangapi nyumbani kwenu, kisha gawa mahindi sawasawa. Oliva alikuwa ameacha wazi, kumbe watoto nao hawahesabiwi, na kwa kuwa ndilo la mwisho, programu haikumzuia kumaliza.

"Hii nyekundu ni nini?" aliuliza mzee Gidamis. Kusoma hakujua, lakini rangi alizijua.

"Amekosa moja, mzee. Ilitaka idadi ya watoto wa nyumbani kwako." Natalia alishindwa hata kumtazama. "Nisamehe, ni mimi tena. Nalifuta sasa hivi."

Mzee alinyoosha mkono mkubwa mkavu, akafunika kioo chote.

"Usifute," alisema. "Hizo tisa umemfundisha wewe. Hii moja nimemfundisha mimi."

Kisha akamwambia binti yake arudi darasani.