Orodha ya Ukutani

Hassani alikuwa na mabasi kabla ya kufungua chumba cha intaneti Makambako, mwaka 2003, na kwake kila kitu kilihitaji orodha ya abiria. Akaniamuru mimi, Oktavia, fundi wake, nibandike ukutani karatasi ya kuonyesha kompyuta ipi ina anwani ipi ya mtandao. Umeme ukikatika, kompyuta hugawana anwani upya, na karatasi nayo huandikwa upya. Asubuhi ile umeme ulikatika, nami sikuandika. Uvivu tu, sina kisingizio.

Kuelekea saa sita mchana, kompyuta ya ulinzi, inayolinda mlango wa kwenda mtandaoni, ilianza kulalamika: pakiti zimetupwa, pakiti zimetupwa, yaani vipande vya data havifiki. Mashine zote kumi hutoka nje kupitia hiyo kwa anwani moja, nayo hukumbuka jibu lipi ni la nani. Sasa mashine moja ilikuwa inamwaga maombi maelfu, kumbukumbu ikajaa, majibu ya wengine yakawa yanatupwa.

Hassani alisoma anwani ya mkorofi kwenye skrini, akatazama karatasi ya jana, iliyosema ni mashine ya Lameki, akaenda kwake moja kwa moja.

Lameki, mwalimu kutoka Njombe, alikuwa anasubiri barua pepe ya chuo ya kumpa nafasi ya masomo. Asipoithibitisha kabla ya saa sita, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

"Mzee, nasubiri barua tu," alisema.

Hassani alimshika kisogo, akambamiza uso kwenye ukingo wa meza. Jino likaruka. Alipojaribu kuinuka, Hassani akamshushia spana ya magurudumu ya basi kwenye mkono wa kulia, nikasikia mfupa ukivunjika. Makondakta wawili wa mabasi yake wakaingia kumalizia kwa mateke, hata kosa lake hawalijui. Washenzi wale.

Nilikimbilia nyaya za mtandao, nikachomoa mmoja mmoja. Nilipochomoa wa ofisini kwa Hassani, onyo likakoma. Mashine yake mwenyewe, yenye virusi vilivyotoka kwenye sidii anazonunua stendi. Mateke nayo yakakoma.

Nikarudisha nyaya nyingine, barua ikaingia. Zilibaki dakika saba.

"Nisomee, dada," Lameki alisema akiwa sakafuni, macho yamevimba.

Nikasoma, nikajaza jina lake, nikatuma. Vidole vyangu viliteleza kwenye damu yake.

"Nani alisema ni mimi?"

"Huyo mwenye mabasi," nikajibu.

"Mungu akubariki, dada. Humu ndani mtu ni wewe peke yako."

Karatasi ile, yenye mwandiko wangu, ilikuwa tayari mfukoni mwangu.