Sanduku Mlangoni

"Waka basi! Waka, we mkaidi!"

Ardis Tollefson alilitandika tanuri la kupashia nyumba joto kofi la ubavuni. Tanuri lilivuma, likaalika kama linataka kuwaka, likanyamaza. Taa yake nyekundu ikaanza kukonyeza. Huko kwenye chumba cha chini ya nyumba Ardis alikuwa amevaa koti la marehemu mumewe juu ya gauni la kulalia, na bado meno yalimgongana.

Simu ikalia. Alikuwa Verlyn, mwanawe.

"Mama, nyumba ina joto?"

"La kutosha."

"Mbona sauti inatetemeka?"

"Nacheka."

"Mama! Tulikubaliana. Tanuri likizimika tena, unahamia kule kwenye nyumba ya wazee. Nakuja na sanduku la nguo zako."

"Ulikubaliana peke yako. Mimi nilikuwa nakunywa kahawa."

Kwa wazee! Kulishwa uji kwa kengele, kuimbishwa kama watoto wa chekechea! Nyumba hii amezalia humo, amemuuguza mumewe Orrin humo hadi mwisho, leo afukuzwe na tanuri la bati? Thubutu!

Aliwasha jiko la jikoni, moto wa buluu ukatoka. Basi gesi ipo. Akashuka tena, akachomoa chujio la hewa la tanuri: safi. Akazima swichi, akawasha upya, na safari hii hakutukana, alisikiliza. Feni ndogo ilizunguka kwa shida, ikikoroma kama mtu aliyeziba pua kwa mafua.

"Kumbe hupumui, maskini," alisema.

Tanuri la zamani lilipumulia juu ya paa. Hili jipya lilipumulia ukutani, kwa mabomba mawili meupe upande wa kaskazini. Ardis akachukua beleshi, akatoka.

Mabomba hayakuonekana. Theluji ilikuwa imerundikwa hadi chini ya dirisha, ikashindiliwa vizuri, kama watu wa huko kwao Dakota wanavyoufunika msingi wa nyumba upepo usipenye. Orrin alifanya hivyo kila mwaka. Jumapili iliyopita alifanya Verlyn, tena akijisifu kwamba amerithi mkono wa baba.

"Loo, mwanangu," alisema Ardis, akaanza kuchimba. Mgongo ulimlilia. Alipumzika, akamlaani Verlyn, akachimba tena. Vinywa vya mabomba vilipotokea vimejaa barafu, alivizibua kwa mpini wa mwiko alioufuata jikoni.

Verlyn alipoingia, sanduku tupu mkononi, tanuri lilikuwa linanguruma.

"Fundi amekuja?"

"Fundi unaongea naye." Akamvuta hadi dirishani. "Theluji ile kairundika nani?"

Verlyn alichungulia. Masikio yakamwiva.

"Lakini baba alikuwa…"

"Baba yako alikuwa na tanuri la zamani. Ulisahau mabomba, mwanangu. Umri huo! Hivi kule kwa wazee wana chumba cha watu wawili?"

Verlyn alicheka bila kutaka, kisha akaacha. "Leo umeweza, Mama. Ikija dhoruba nyingine je? Ukiangukia huko nje?"

Hilo lilimchoma Ardis, kwa sababu alipokuwa akichimba alikuwa ameliogopa. Alimtazama mwanawe usoni.

"Nitaanguka kwangu. Siendi, Verlyn. Siendi!"

Akamtia beleshi mkononi. "Na kama unaniogopea, uje uchimbe. Anza sasa, pembeni kumebaki."

Verlyn akavaa kofia, akatoka. Ardis alisikia beleshi likikwaruza ukuta. Sanduku lilibaki mlangoni, karibu na tundu la sakafuni linalopitisha joto la tanuri, na theluji iliyoganda kwenye magurudumu yake ikaanza kuyeyuka.