Mwalimu Kobia Ajifunza Hasira

Mwaka wa 1981 Mwalimu Kobia alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya wavulana nje kidogo ya mji wa Nyeri, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kunyoa. Alitembea na mkasi mfukoni. Mwanafunzi akikutwa na nywele ndefu, Kobia alimkata mstari mmoja katikati ya kichwa, akamwachia aibu imalizie kazi.

Siku moja akipekua bweni alinasa kaseti ya panki, muziki wa vijana wa Ulaya wanaopiga gitaa kama watu wanaovunja mlango. Akaenda nayo nyumbani aisikilize, aandike ripoti. Ripoti haikuandikwa hata neno. Kaseti ilimwingia mwilini kama homa, na kufika Ijumaa Kobia, mtu wa miaka arubaini na mmoja, alikuwa amegundua kwamba yeye pia ana hasira.

"Hasira na nani?" mkewe Mbeti akamuuliza.

"Na wakubwa."

"Si mkubwa ni wewe, Baba Kaari?"

"Mama Kaari, haya ni mambo ya kusomea."

Akasomea kweli. Bendi ya hoteli moja kule Nanyuki ilikuwa imevunjika, akanunua gitaa lao la besi lenye nyuzi nne. Mwalimu Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao alimwachia kijitabu cha nyimbo za panki. Ndani hamkuwa na noti, ila mistari minne iliyolala, kila mstari ukisimama badala ya uzi mmoja, na juu yake namba za kuonyesha pa kubonyeza. Ukurasa wa maelezo ulikuwa umeng'olewa. Hilo halikumtisha Kobia, kwani hesabu alikuwa akifundisha tangu ujanani. Mstari wa juu, akaamua, ni uzi wa juu, ule mnene ulio karibu na kidevu. Nani asiyejua juu na chini?

Kwa wiki sita alipiga kila jioni baada ya chai, akihesabu kwa sauti: tatu, tatu, tano, sifuri. Kuku wakaacha kutaga. Akawaita watu wawili waunde bendi: Gicheru, fundi wa redio aliyejua gitaa, na Dawud, mshonaji wa Majengo aliyezoea kupiga ngoma harusini. Dawud alimshonea shati jipya, kisha kwa amri ya Kobia akalirarua vizuri kama mashati ya vijana wa kwenye jalada la kaseti, mipasuko miwili kila upande, na kuipangia pini.

"Mwalimu," Gicheru akasema siku ya kwanza ya mazoezi, "hii haifanani na ya kaseti."

"Wewe uko na shida ya masikio. Panki haitakiwi iwe tamu."

"Sijasema tamu. Nimesema haifanani."

Mbeti alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, akifuma sweta. Akaweka sindano chini, akakitazama kijitabu muda kidogo.

"Hiyo kitabu unaisoma kichwa chini, Baba Kaari. Mstari wa chini ndiyo uzi mnene. Hata sweta, ile karatasi ya kufuatia tukifuma tunaanzia chini. Na wimbo kwa kaseti inaanza na sauti nzito. Si umeisikia wiki sita?"

"Jikoni kuna nini cha kula?" Kobia akauliza.

Mbeti hakuenda jikoni. Akalitwaa gitaa, akaweka kidole palipoandikwa, akapiga. Wimbo ukatoka, ule ule wa kaseti. Dawud akaingia na ngoma bila kuambiwa. Kobia akakohoa, akasema kwamba hata yeye alikuwa karibu kufika hapo, na kwamba besi ni kazi ya nyuma, inamfaa mama. Mwenye hasira husimama mbele, aimbe.

Akatunga maneno yake mwenyewe: "Hatutaki bwana! Hatutaki bwana!" Aliyarudia mara arubaini, maana hakupata mengine.

Walipata nafasi kwenye sherehe ya walimu wa wilaya, Jumamosi mchana, katika ukumbi mjini. Kobia akapanda jukwaani na shati lake la mipasuko, akafumba macho, akanguruma. Walimu wakacheka, wakapiga makofi. Alipofumbua macho, mkubwa wa elimu wa wilaya alikuwa anaingia mlangoni na kofia yake kichwani.

Mkono mmoja wa Kobia ukaanza kuchomeka shati ndani ya suruali, mwingine ukichomoa pini. Nyuma yake besi haikusita hata kidogo; Mbeti aliendelea, tena akaongeza kasi. Ikabidi mdomo useme kitu.

"Twakutaka, Bwana!" Kobia akaimba. "Twakutaka, Bwana! Asante, Bwana!"

Mkubwa akavua kofia, akainamisha kichwa. Ukumbi mzima ukasimama, wengine wakainua mikono. Wimbo ulipokwisha mkubwa akaja kumshika Kobia mkono, machozi yakimlengalenga.

"Mwalimu, sijawahi kuona mtu anamsifu Mungu kwa nguvu hivi."

"Ni kipaji tu, mzee," Kobia akasema.

Muhula uliofuata akawa mwalimu mkuu, na kiongozi wa kwaya ya walimu. Waliimba Othaya, wakaimba Endarasha, na kila mahali akasimulia jinsi wimbo ule ulivyomjia akiwa anaomba. Alipomtaka Mbeti arudishe gitaa ili liuzwe kwa ajili ya majoho ya kwaya, Mbeti alisema, "Kalitafute," akaendelea kula.

Kila Jumamosi Mbeti, Gicheru na Dawud walikuwa wakipiga muziki kule Kiganjo, kwenye ua wa nyuma wa hoteli ndogo ya chai. Kobia akaenda mara moja, akasimama karibu na choo, kola imefungwa hadi shingoni. Mbeti aliimba mwenyewe sasa, maneno yale ya mwanzo. Nusu ya waliokuja walikuwa akina mama waliotoka sokoni, vikapu viko miguuni.

"Hatutaki bwana!" wakaitikia, wakilielewa neno hilo kwa namna ambayo Kobia hakuwa ameifikiria alipolitunga. Mmoja, Wachuka muuza viazi, aliitikia mpaka kitambaa cha kichwani kikaanguka.

"Wewe, mzee," akamgeukia Kobia, "mbona huimbi? Unamjua huyo anayepiga?"

"Namjua kidogo tu," Kobia akajibu.

Akarudi nyumbani kabla hawajamaliza. Kaari alikuwa na njaa, na hakuna aliyekuwa amewasha jiko.